Acha na Achia

Nyumba ya Mwisho,
Mtaa wa Nyuma ya Kiwanda.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yako yakiwa yamepata nafuu tangu mvua ipungue. Jicho la babu limepona? Na ile ngazi ya mlango wa nyuma imetengenezwa, au bado mnaruka? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Watoto hawajambo. Yule mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema "samahani" anapiga mluzi, kwa hiyo anaomba samahani kutwa. Mume wangu ni mzima wa afya. Mdogo wangu Kasuku, uliyemlea, naye anaendelea vizuri. Kidonda kimefunga, na daktari amesema hakina usaha.

Uliponipigia simu uliniuliza swali moja, laini ikakatika nikiwa bado natafuta jibu. Uliuliza kama ni kweli mume wangu ndiye aliyemkata mkono mtoto wako, kwa sababu hutaki kumfungulia mlango mtu kabla hujajua. Sikukupigia tena. Nimeona afadhali niandike. Jambo lenyewe ni la maneno mawili ambayo masikioni yanafanana kama mapacha, na kwenye karatasi mtoto wa shule anaweza kuyatofautisha.

Hujawahi kukiona kinu chetu, basi nikueleze. Kiwanda kinatengeneza soli za viatu. Kinu ni magogo mawili ya chuma yaliyolala sambamba, yanazunguka kuelekeana, na mpira mgumu unapita katikati yake mpaka unalainika kama unga uliokandwa. Mtu mmoja husimama mbele akilisha mpira. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Kasuku. Mwingine hukaa nyuma kwenye breki. Akishika, magogo yanasimama. Akiachia, yanazunguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mume wangu.

Zamani walikuwa wanaonana, hata wanakonyezana. Kisha ghala likajaa, marobota ya mpira yakaletwa ndani yakapangwa katikati yao karibu kufika darini. Tangu hapo wakawa wanaitana kwa sauti. Neno la kusimamisha ni "Shika!" na neno la kuendesha ni "Achia!" Mtu mgeni hufundishwa hayo kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Juu ya magogo kuna kamba ya dharura. Ukiivuta, kila kitu kinazimika. Lakini watu walikuwa wakiigusa kwa mabega na kazi inasimama ovyo, basi ikakunjwa ikafungwa kwenye bomba huko juu. Hata mtu mrefu haifikii. Na breki yenyewe imelika siku nyingi. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Kesho, kwa kuwa kipuri chochote ukimwuliza kinakuja kesho.

Siku ile magogo yalikuwa yamesimamishwa ili Kasuku abandue mpira uliogandia. Mimi kazi yangu ni kukata kingo za soli upande wa pili wa ukuta, na mabaki tunayarudisha kinuni kwa vikapu. Nilikuwa kwenye kijia kati ya ukuta na marobota, kikapu kichwani. Yeye sikumwona, na mume wangu sikumwona. Nilikuwa nawasikia tu.

Breki iliteleza. Magogo yakajongea yenyewe, kidogo tu, yakainasa glavu yake. Kasuku akapiga kelele, "Acha! Acha!" Mume wangu akasikia "Achia." Akaachia.

Hivyo tu, Mama Mdogo. Mtu anayeumia hasemi neno la kazini. Anasema lile alilokuwa akisema utotoni ukimvuta sikio.

Watu wananiuliza nililia namna gani. Sikulia. Niliweka kikapu chini, yakamwagika mabaki kidogo, nikayaokota. Nakumbuka nilikuwa natenga meusi na ya kahawia. Mume wangu alikuwa ameishika breki kwa mikono miwili, na hata umeme ulipozimwa aliendelea kuishika. Ilibidi fundi umeme ambandue kidole kimoja kimoja akimwambia, "Imesimama, kaka. Imesimama." Wewe unajua tabia yangu ya kuandika mambo ya kila siku kabla sijalala. Siku hiyo niliandika: Mvua asubuhi. Mkono wa Kasuku. Nimerudisha kikapu. Nilisoma tena jana na sikuona cha kuongeza.

Hospitali wameukata juu kidogo ya kifundo. Ni wa kulia. Alipozinduka muuguzi alimletea karatasi atie saini, akaitazama karatasi, akautazama mkono uliofungwa, akasema, "Sista, huyo mwandishi wangu ameacha kazi." Baadaye akanituma kwako maneno haya, nami nayafikisha kama yalivyo: "Mwambie Mama Mdogo nimerudi kwenye shoto. Alinichapa bure miaka yote ile." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Mimi pia nilicheka, nadhani. Nilisikia sauti yangu.

Sasa nifike kwenye swali lako, maana kiwandani nako waliniuliza hilohilo.

Afisa wa usalama alitoka ofisi kuu kuja kuchunguza. Alitaka kujua neno lilikuwa lipi. Kama Kasuku alisema "Achia," basi amejikata mwenyewe na hana haki ya kulipwa. Kama alisema "Acha," basi kosa ni la mshika breki, na mshika breki anafukuzwa. Shahidi aliyesikia ni mimi peke yangu. Kwa hiyo ilikuwa nichague, mdogo wangu au mume wangu, kwa herufi moja.

Nilikwenda hospitali kwanza. Kasuku aliniambia, "Dada, mimi sikumbuki. Pengine nilisema shika, pengine nilikuita wewe. Sema achia, shemeji abaki kazini. Mkono hauoti."

Nikamwambia, "Nikisema hivyo utakuwa umejikata mwenyewe."

"Basi nimejikata. Kwani nitamshtaki nani, nijishtaki kwa mkono upi?"

Nyumbani mume wangu alikuwa anamenya viazi. Tangu siku ile anafanya kazi zote za mikono anazoziona. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Mama watoto, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi kesho useme ulichosikia. Usinipikie maneno." Akaendelea kumenya. Alimenya vingi kuliko tunavyoweza kula, tukala viazi asubuhi pia.

Ofisini tulikaa kwenye kiti kimoja kirefu, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Bwana Kesho alianza. Alisema neno la kazi linajulikana, ni "Shika," na majeruhi angelitumia angekuwa na mkono wake leo. Afisa akamwuliza mume wangu. Akajibu, "Nilisikia achia, nikaachia." Afisa akanigeukia. "Wewe dada, ni acha au ni achia? Tamka taratibu." Tulikuwa watu wazima wanne chumbani, tunatamka acha, achia, acha, achia, kama darasa la chekechea.

Sauti ya Kasuku naijua tangu akiwa mgongoni kwangu. Nikasema, "Alisema acha. Mara mbili."

Nilisema pia kwamba magogo yalijongea yenyewe kabla ya neno lolote, na kwamba kamba iko juu ya bomba, na kwamba marobota yale hata malaika hawezi kuona kilicho nyuma yake. Afisa akasema hayo ni masuala mengine, yatashughulikiwa kwa wakati wake. Bwana Kesho alikuwa anatazama dirishani. Mume wangu alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, vidole vimenyooka.

Wamemfukuza. Sababu waliyotoa ni uzembe. Kasuku wamekubali atalipwa haki yake. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani mume wangu alisema neno moja tu, kwamba kiatu changu kinafunguka. Kweli kilikuwa kinafunguka. Sijui kama amenisamehe, wala sijui kama kuna cha kusamehe. Ninapolitafuta hilo moyoni naona kama pale mtu alipokalia mguu ukafa ganzi: unajua mguu ni wako, lakini ukiugusa hakuna kitu.

Nimerudi kazini, Mama Mdogo. Usinilaumu, sasa mshahara ni mmoja. Marobota bado yapo. Kamba bado iko juu. Wamekuja wapaka rangi wakaandika USALAMA KWANZA ukutani kwa rangi nyekundu, na Bwana Kesho akaegemea kabla haijakauka, akashinda siku nzima na herufi Z mgongoni. Hakuna aliyemwambia. Alipoturudia tena na habari ya neno la kazi, mwenzangu wa mezani, tunayemwita Mama Pacha, alimjibu hapohapo, "Wewe mzee, ukiungua na chai unasema shika?" Watu walizika nyuso zao kwenye soli.

Kijana aliyewekwa kwenye breki tumemwambia sisi wenyewe, bila kumwuliza mtu: sauti yoyote utakayosikia, wewe shika. Juzi mtu alipiga chafya, kinu kikasimama. Mlango uligongwa na upepo, kinu kikasimama. Bwana Kesho analalamika kwamba kazi haiendi. Haiendi kweli.

Kasuku ametoka hospitali yuko hapa kwetu. Nilikuwa naogopa namna watakavyokaa, yeye na shemeji yake, katika nyumba ya vyumba viwili. Siku za kwanza maneno yale mawili yalikuwa hayasemwi humu ndani. Hujui neno "acha" linatumika mara ngapi kwa siku mpaka uwe huwezi kulisema. Mtoto akichezea kisu, tulikuwa tunamwambia "weka chini." Mlango tulikuwa tunasema "usiufunge."

Mume wangu ndiye anayemvalisha shati na kumfungia kitambaa cha kuninginizia mkono. Alhamisi alikuwa anakaza fundo, nami nakunja nguo pembeni. Kasuku akasema, "Hapohapo, shemeji. Sasa achia."

Mume wangu hakuachia. Alisimama ameshika fundo, jasho linamtoka.

"Shemeji, achia."

Vidole vikazidi kukaza.

"A-chi-a, bwana! Unataka twende chooni pamoja?"

Akaachia, akatoka nje. Kasuku alinitazama akasema, "Ilibidi mtu aliseme, dada." Kisha akaniomba chai.

Basi jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, mikono ya mume wangu ndiyo iliyoachia breki. Mtoto wako alisema acha, na mume wangu alisikia achia. Yote nimeyasema mbele ya watu na mbele yake mwenyewe, na nisingekuficha wewe uliyetulea. Zaidi ya hapo mimi sina hukumu. Ukiwa nayo wewe, iandike, nitaisoma.

Ulisema Kasuku aje kwako apumzike. Amekubali. Nisalimie babu, na shangazi wa dukani, na binamu yangu fundi cherehani, umwambie yale mashati ya Kasuku atakayoyapunguza mkono asiutupe mkono wa shati atakaoukata. Kasuku mwenyewe ameomba ubaki, anasema huenda akapata mgeni wa kuuvaa. Watoto wanakusalimu, mmoja kwa mluzi.

Watafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, na watakuja wawili. Kasuku amekataa kusindikizwa na mtu mwingine yeyote. Alisema, "Shemeji ndiye atakayenibebea mfuko, au siendi." Mume wangu amenunua tiketi ya kurudi siku hiyohiyo. Anasema atamfikisha mlangoni kwako, aweke mzigo chini, ageuke. Namjua, atasimama nje, mbali kidogo, akitazama viatu vyake. Sikulazimishi jambo, Mama Mdogo. Mlango ni wako na mtoto ni wako. Ila kama moyo wako utakuruhusu kumwambia karibu, naomba umwambie mara mbili. Mara ya kwanza hatasadiki kwamba amesikia sawasawa.

Mungu akulinde, akutunzie macho ya kusomea na miguu ya kutembelea.

Ni mimi binti yako nikupendaye,

Mama watoto wa huku.