Mpingo wa Baba

Juba Na Bari, 3 Machi 2007

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, homa imeniacha. Mguu wako unaendeleaje? Huko Arua mvua imeanza?

Amu Fulgensio ameleta klarineti ya marehemu baba, ile tuliyomwachia tulipokimbia vita. Aliiweka mlangoni, akakataa hata chai. Mtu aliyetunza kitu miaka kumi na tano anakataaje chai? Baba alituambia ni ya mpingo, nyeusi tititi. Hii upande mmoja ina ukijani, kama chai iliyokaa sana. Roho yangu haijatulia, nahofia si yenyewe, na amu anataka kuipiga kwenye misa ya kumkumbuka baba. Niambie, ya baba ilikuwa na alama gani?

Mwanao,
Jubek

Juba Na Bari, 14 Machi 2007

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima, maana dereva wa basi la Arua amerudi mikono mitupu, bila barua yako.

Opio, fundi redio wa Mangateen, amenifundisha kupima. Mti una nyuzi. Klarineti nyingine ni za raba ngumu nyeusi, na raba ukiisugua mpaka ipate moto, inanuka kiberiti. Nilisugua, ikanuka kama tairi lililoungua. Nikakwangua kwa kisu kwenye kiungo, hakuna nyuzi hata moja.

Nilimuuliza amu mbele ya kwaya nzima: mpingo wa baba uko wapi? Akasema, "Hii iko ya baba yako, bas," akachukua kofia akatoka. Asiye na hatia angejitetea. Kwa hiyo nimemwambia kiongozi wa kwaya kwamba kwenye misa ya Jumamosi tarehe 31 huyo mzee asipige.

Mwanao,
Jubek

Arua, 20 Machi 2007

Mwanangu Jubek,

Mimi sijambo, mguu tu ndio unanisumbua. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliona haya.

Hiyo ni ya baba yako. Ukijani huo ni jua la dirisha langu. Kila siku aliiacha hapo, nami nikimgombeza. Misheni ilikuwa na klarineti mbili. Ya mpingo padri alimpa Fulgensio, kwa kuwa alipiga vizuri zaidi. Baba yenu akapewa ya raba. Mlipozaliwa akaanza kuwaambia kwamba yake ndiyo mpingo, na Fulgensio amekaa hapo hapo, anakunywa chai yangu, anaitikia. Hata mbele ya kwaya hakumuumbua. Nimekukasirikia. Nenda kwake.

Mamako,
Teresa

Juba Na Bari, 27 Machi 2007

Mama mpendwa,

Pole na mguu. Mimi afya ninayo, uso ndio sina.

Nilikwenda. Wakati wa vita amu alikuwa na sanduku moja tu la bati la kufukia ardhini. Alitia ya baba. Ya kwake aliificha darini, mvua na jua vikaipasua. Chai aliikataa akiogopa nitaanza kuuliza habari za mpingo.

Alipapasa pale nilipokwangua, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Nikasema ni mimi.

Jumamosi atapiga. Nilitaka kusimama mbele ya kwaya niseme ukweli wote, akakataa.

"Sema tu wewe ulikosea," aliniambia. "Sema fundi alipima tena, iko mpingo."

Mwanao,
Jubek