Mwanaidi Bado Yuko Dunguni

Dada Mwajuma,

Mwandiko wangu ulikuwa ukiuita mikwaruzo ya kuku. Basi leo nivumilie, maana sina mwingine wa kumwambia. Mwanao Mwanaidi halali usiku.

Tulipokuzika pale Vihingo alilala vizuri tu. Siku za matanga nyumba ilijaa wanawake kwenye mikeka, huyu anakoroma, huyu anaweweseka, naye katikati yao amelala fofofo. Tulipoondoa tanga, watu wakakunja mikeka wakaenda zao, ndipo balaa likaanza. Anakaa kitako kitandani, macho kodo. Nikisinzia nasikia kidole chini ya pua yangu. "Mama mdogo, unapumua?" Jamani, mtoto mdogo kama yule!

Mchana usingizi unamwangusha chuoni, juu ya Kurani, mwalimu anamchapa. Amekonda, dada, ungemwona ungelia. Mumeo akasema ni pepo, akampeleka kwa mganga Mlandizi. Wakamfunika shuka, wakamfukiza mpaka akazimia, wakasema amelala. Amelala! Nilipomwogesha nikakuta alama za fimbo mgongoni. Nilimtukana shemeji mbele ya jumbe, na sijutii. Sasa anasema Ijumaa anamrudisha kule, eti pepo hakutoka sawasawa.

Juzi tulikuwa tunapukuchua mahindi, akaniambia mwenyewe, bila kunitazama. Usiku ule mlipokuwa juu ya dungu mkilinda shamba, nguruwe wasile mahindi, homa ilikuwa imekubana. Ukampa fimbo ya kugongea debe, ukamwambia kama siku zote: "Zamu yako, mwanangu. Ukichoka niamshe." Alichoka. Akakuonea huruma, hakukuamsha, akasinzia kidogo. Kulipokucha nguruwe wamemaliza upande wote wa bondeni, nawe umeshapoa.

Anaamini angekuwa macho usingekufa. Na hakuna mtu aliyempokea zamu yake. Ee Mola wangu, muda wote huu mtoto analinda, na sisi tunamfukiza!

Nililia mpaka nikashindwa kupukuchua. Nikamwambia si yeye, ni homa. Hakuniamini. Usiku nikalileta lile debe, nikakaa nalo mlangoni, nikamwambia, "Nipe fimbo. Nimekupokea." Alinitazama sana, kisha akanipa. Akalala. Jogoo wa kwanza alipowika aliamka analia, akaja kunipapasa pua.

Sitakudanganya, sijui kama atapona. Amezoea woga, na mimi mwenyewe nasinzia jembeni kwa kukesha. Lakini Ijumaa shemeji akija atanikuta mlangoni na fimbo hii hii. Mwanaidi haendi tena Mlandizi nikiwa hai. Na aje na jumbe, aje na nani.

Kwaheri, dada yangu. Huko uliko usikae macho kwa ajili yake. Ulichoka, nawe hukumwamsha mtu. Lala sasa. Nimekupokea.

Mdogo wako,
Zena