Ukuta wa Chacha

Mama,

Shikamoo. Hukupenda habari ndefu, lakini hii uisikie yote.

Tulipomaliza matanga yako, kaka Chacha alirudi kutoka Nyamongo, akakata minyaa yote uliyopanda kuzunguka mji wetu hapa Itiryo. Akajenga ukuta wa tofali na geti la chuma, baba asije akaibiwa ng'ombe. Baba hakumzuia. Mtoto akikujengea, utasemaje?

Unamkumbuka Mama Wankuru alivyokuwa akipenya kwenye minyaa kuomba moto, mkaongea mpaka uji ukafurika? Baada ya ukuta alikuja mara chache, akagonga geti, akasubiri, akarudi kwake. Aliniambia, "Ghati, kwenu siku hizi mtu anapiga hodi kama yuko ofisini." Akaacha kuja. Wengine nao wakaacha. Mimi naishi kwa mume wangu, huko Kisaka. Nikimpigia baba simu, nasikia jogoo tu nyuma yake.

Mwezi uliopita baba alianguka uani, yuko peke yake, geti limefungwa kwa ndani. Mama Wankuru alikuwa anapalilia mihogo upande wa pili. Akasikia mtu anakoroma. Akaita, kimya. Mama, yule rafiki yako alipiga yowe hadi wanaume wakaja na sululu, wakabomoa ukuta. Walimlaza baba kwenye kitanda chake, wakambeba mpaka barabarani. Alifika hospitali akiwa hai.

Nami nilikuwa nimeshafika Chacha alipokuja mbio kwa bodaboda. Nilidhani atagomba. Alisimama kwenye lile tundu, akatazama tofali zilizovunjika, akalia. Chacha, mama. Hata siku tulipokuzika hakulia.

Baba aliporudi, mdomo bado umepinda kidogo, alimwambia neno moja: "Usizibe." Chacha hakuziba. Alinyoosha kingo, akapiga lipu, akaacha njia ya kutosha watu wawili. Nilimuuliza, na wezi je? Akasema wezi wanaogopa majirani kuliko tofali.

Sasa watu wanapita hapo asubuhi na jioni. Jumapili baba alitembea mwenyewe, bila fimbo, hadi kwa Mama Wankuru. Alikula ugali wa wimbi, akadai mwingine. Wanawake wakapiga vigelegele kama wameleta bibi harusi. Nami nilipiga, mama, mpaka sauti ikakauka.

Tumeshinda. Pumzika sasa, usimhofie tena. Nakuahidi, shule zikifungwa nitawaleta wajukuu wako wakae naye, na kila mzee wa hapa watamwamkia kwa jina lake.

Mwanao,
Ghati