Majina ya Mashamba Yetu

Marahaba, mdogo wangu Neema. Nakuambia wewe tu: kwenye mkutano, Bibi alisahau.

Sote wazima, mpunga umekubali. Umeuliza kama kijiji chenye nyumba chache hivi kina historia. Sikia.

Pale mkutanoni, mgeni kutoka wilayani alitaka tuunganishwe na kijiji jirani, jina letu lifutwe. "Kwani hapa pana nani?"

Bibi akasimama. "Mwanangu, hesabu mashamba, acha mapaa!" Akayataja kwa majina ya waliofyeka pori, kama tunavyoyaita mpaka leo. Katikati akakwama. Mimi, mwoga wa watu, nikamnong'oneza nyuma yake: Kwa Binti Salumu, Kwa Masanja, mpaka mtoni.

Jina la kijiji limebaki. Majina hayo ya mashamba alinifundisha Bibi mwenyewe, tukienda kupalilia. Sasa anasifiwa kwa kumbukumbu, anatembea kifua mbele. Usimwambie mtu, hata Mama.

Dada yako, Zaituni