Tunzo ya Bi Saumu

Mama, shikamoo. Mguu umepungua kuvimba? Na macho je, bado yana ukungu? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Uliniuliza kazi ya muziki inakwendaje. Naimba, mama. Kila Jumapili mchana niko kwenye mgahawa mmoja mkubwa hapa Sandton, naimba nyimbo za Kihispania nilichojifunza kwa kusikiliza, mpaka ulimi ukazoea. Bosi amenipa jina la Luciana, anawaambia wateja nimetoka Kolombia. Nami nikakubali, maana mwimbaji wa Tanga huku nani atamtaka?

Jumapili iliyopita nikapenyeza wimbo niliotunga mwenyewe, beti Kihispania, kiitikio Kiswahili. Wateja wakadhani ni lugha ile ile. Lakini jikoni alikuwepo Bi Saumu, jirani yetu wa Ngamiani, aliyenipokea nilipofika huku sina hata shuka. Alikuwa akiosha vyombo. Kusikia Kiswahili, mama, akasahau yuko wapi! Akatoka na aproni imelowa, anacheza taratibu kama yuko harusini kwetu, akapiga kigelegele, akanibandika noti ya randi hamsini kwenye paji la uso.

Bosi akaja mbio. "Luciana, unamjua huyu mama?"

Nikasema simjui.

Nilisema simjui, mama, tena nikacheka kidogo ili wateja waamini. Bi Saumu akanitazama, kisha akamwambia bosi, "Samahani, nimemfananisha." Akafukuzwa kazi siku ile ile. Na mimi, eish, nikamalizia wimbo! Shukrani ya punda mateke, na punda ndiye mimi.

Sasa anarudi Tanga kwa basi. Nilimwendea mara mbili nimwombe radhi, nikaishia kuongea habari za mvua. Barua hii nampa yeye akuletee, na noti yake nimeikunja humu ndani.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, na shangazi anayekupikia uji.

Najua maandishi huyaoni tena. Ndiyo maana nilikusihi kwenye simu asikusomee kaka, akusomee aliyeileta, kwa sauti, mpaka hapa.

Bi Saumu, mama yangu wa huku, nakujua. Nisamehe.

Ni mimi, mtoto wenu,
Rehema