Vipimo vya Ziwa Vilivyofutwa

Manyatta, Kisumu

Ndugu yangu Oduor,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba wa baba mdogo. Natumaini mama na watoto huko Asembo hawajambo, na mvua imewapa chochote shambani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sina la kuusifia.

Ofisini hakukaliki tangu wakusimamishe kazi. Vipimo vya ziwa vya miaka mitatu, ambavyo wafugaji wa samaki huvitegemea wajue lini hewa itapungua majini, havijarudi. Bosi wetu Madam Jacinta anashikilia kuwa kumbukumbu za mitambo zina jina lako, kwamba ulivifuta kwa simu ukiwa matangani. Jina ni lako kweli. Lakini unaujua uvivu wetu: sote tunaingia kwa jina lako na neno lako la siri tangu siku ulipoisimika mitambo hiyo.

Ijumaa ile ulipokuwa matangani stima ilipotea, taa zikazimika, kisha ikarudi. Mtambo mkuu uliamka, lakini kati ya kompyuta sita zinazogawana data, nne zilibaki kimya. Mtambo ukakataa kuandika chochote, ukilalamika kuwa vipande vingi vya mafaili havionekani. Ulishatuonya mara ngapi! Ukigoma hivyo, tusiulazimishe. Kwanza tutafute nani hajaripoti, pengine ni waya, pengine diski imejaa. Ulisema asiyeitika si lazima awe amekufa.

Madam alikuwa akipiga simu kila dakika. Nami Mbukusu mkaidi, kama mnavyonitania, sipendi kuambiwa nimeshindwa na mashine.

Oduor, ni mimi. Niliulazimisha mtambo uandike, kisha nikauamuru ufute kila faili lenye vipande visivyoonekana. Dakika ishirini baadaye nikagundua swichi ya zile nne ukutani ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha. Zikaamka na vipande vyote, salama kabisa, na mtambo mkuu ukaziagiza zivitupe kwa kuwa hauvitambui tena. Nilikaa nikitazama.

Kwenye kikao cha kukusimamisha kazi nilinyamaza. Wakanipa kiti chako, nikakikalia. Naona aibu kubwa.

Asubuhi hii nimemwandikia Madam yote. Jumatatu ukiitwa, njoo bila wasiwasi. Atakayejieleza ni mimi. Sikuombi unisamehe haraka. Ila mkeo Caren alinipigia wiki jana kunishukuru akidhani nilikutetea, nami nikamjibu asijali. Tafadhali mwambie wewe ukweli, maana mimi nilishindwa.

Nisalimie mama, na watoto wote.

Ni mimi,
Walubengo