Namba Nisizozijua

Jumatano

Nimeizima ile setingi ya kunyamazisha namba ngeni. Sasa itanisaidia nini.

Wiki nzima nimeisifia ofisini, kwamba matapeli hawanipati tena. Nilisahau kuwa mama hana simu. Akiwa na neno huazima ya yeyote aliye karibu, leo ya jirani, kesho ya mwenye duka.

Saa tisa natoka kazini, nakuta namba nne nisizozijua. Nikapiga ya mwisho. Akapokea mwanamume, akampa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako tumeshamzika, baada ya adhuhuri."

Mjomba Hamadi, aliyenilea. Kwa pikipiki kutoka hapa Kilindoni hadi kwetu Ras Mkumbi ningewahi. Ningeshuka mimi kaburini kumpokea.

Nikaanza kumweleza habari ya simu, nikashindwa. Wala hakuniuliza.

"Nilijua umebanwa na kazi," akasema. "Nikawaambia wasikusubiri."

Kazi! Simu ya kwanza iliingia saa nne. Saa nne nilikuwa kwenye chai, namwonyesha mwenzangu jinsi ya kuiwasha setingi hiyo kwenye simu yake.